Maganda ya tochi yanayokerezwa kwa oda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameulizwa mlangoni mwa karakana yetu mjini Kampala, kwa simu, na katika ujumbe wa wateja, ambao wengi wao ni walinzi wa usiku, wavuvi wa ziwani, waongozaji wa wapanda mlima wa Rwenzori, na watu wachache wanaopenda tu kushika kitu kilichotengenezwa vizuri. Tumeanza na mambo ya mwanzo na kumalizia na yale ya nadra. Pale ambapo jibu moja lingerudia jingine, tumemwelekeza msomaji kwa namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Ganda la tochi ni nini hasa, na kwa nini nisikate tu kipande cha bomba?

Ganda ni sehemu yote ya metali unayoishika: kichwa kinachobeba LED na kioo, bomba linalobeba betri, na kitako chenye swichi na springi. Sehemu hizo hufanya kazi nne kwa wakati mmoja. Hushikilia betri, huurudisha mkondo wa umeme wa upande hasi kutoka kitakoni hadi kichwani, huliondoa joto la LED, na huzuia maji yasiingie.

Bomba la dukani linaweza kuifanya kazi ya kwanza na kushindwa tatu zilizobaki. Ukuta wake kwa kawaida ni mwembamba mno kukatiwa hesi, yaani ile mizunguko ya skrubu inayounganisha sehemu na sehemu. Tundu lake mara nyingi halilingani sawasawa na betri, na ndani yake hakuna sakafu ambayo LED itakalia ili joto lake lipate njia.

2. Tochi za alumini zilizokerezwa ni jambo jipya?

Hapana. Mwaka 1979 kampuni ya Mag Instrument ya California, iliyoasisiwa na Tony Maglica aliyekuwa mwenye karakana ya ukerezaji, ilitoa tochi ya Maglite yenye ganda la alumini, nayo ikapendwa sana na polisi na wazimamoto wa Marekani. Baadhi ya tochi hizo zilifika huku, na bado wapo watu wanaotuletea zifanyiwe marekebisho (tazama swali la 19).

3. Nianze kwa kuchagua umbo, metali au betri?

Betri. Ganda hukerezwa kwa macho ya nje lakini hupangwa kutoka ndani, na mteja anayekuja na mchoro mzuri wa nje bila kujua betri atakayotumia hurudi nyumbani na mchoro wake.

Kwa betri za lithiamu, jina lenyewe linakupa vipimo: 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na 21700 ina kipenyo cha milimita 21 na urefu wa milimita 70. Lakini zile zenye saketi ya ulinzi huwa ndefu zaidi, na 18650 ya namna hiyo inaweza kukaribia milimita 70, huku karatasi yake ya plastiki ikiongeza unene kidogo. Kwa sababu hiyo tundu la 18650 tunalikereza kuwa milimita 19 hivi. Likiwa jembamba kuliko hapo, betri yenye karatasi iliyokunjamana itakwama. Likiwa pana mno, betri itagonga ukutani kila unapopiga hatua. Tuletee betri yenyewe, tuipime kwa kalipa, ndipo tuzungumze.

## Metali

4. Ni metali gani iliyo bora?

Inategemea unachokitafuta, maana kila metali ina kero yake. Chukua bomba moja lenye upana wa nje wa milimita 24, tundu la milimita 19 na urefu wa milimita 80. Kwa alumini litakuwa na uzito wa takriban gramu 36, kwa titani gramu 60, kwa chuma cha pua gramu 108, kwa shaba ya manjano gramu 115, na kwa shaba nyekundu gramu 120. Hapo hatujahesabu kichwa, kitako wala betri. Mlinzi anayeibeba tochi kiunoni usiku kucha ataihisi tofauti hiyo kabla ya saa sita.

Kuhusu joto, mpangilio hubadilika kabisa. Shaba nyekundu hupitisha joto kwa kiwango cha takriban 390 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini, alumini ya 6061 takriban 167, shaba ya manjano takriban 115, chuma cha pua 16, na titani ya daraja la 5 kama 7 tu. Maana yake ni kwamba titani, ambayo wateja huisifia kwa wepesi na kutoshika kutu, ndiyo metali mbaya kuliko zote hizi kwa tochi yenye mwanga mkali unaowashwa kwa muda mrefu.

Kwa mtu anayefanya kazi na tochi yake, tunashauri alumini bila kusita. Shaba na titani ni za wapenzi, nasi hatuwadharau, kwa sababu ganda la shaba nyekundu lililokolea rangi kwa jasho la mkono wa mwenyewe lina uzuri ambao alumini haiupati kamwe.

5. Kuna tofauti gani kati ya alumini 6061 na 7075?

Aloi ya 6061 ina magnesi na silikoni, nayo ya 7075 hutegemea zaidi zinki. Ya pili ina nguvu zaidi, lakini hupitisha joto kidogo kuliko ya kwanza na huvumilia unyevu vibaya zaidi. Tochi haihitaji nguvu hizo za ziada. Chagua 6061.

6. Je, mnaweza kulisubu ganda kwa alumini ya masufuria na pistoni kuukuu, ili gharama ipungue?

Swali hili huulizwa kila wiki, na lina mantiki. Mafundi wa mitaa ya Katwe na Kisenyi hapa Kampala wanaojua kusubu alumini kwenye mchanga wana ustadi wa kweli, na sufuria zao zimelisha nchi hii. Lakini ganda la tochi si sufuria.

Tatizo la kwanza ni hewa. Alumini iliyoyeyushwa hunyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu na kuitoa inapoganda, hivyo kubaki na vitundu vidogo ndani ya metali. Katika sufuria yenye ukuta mnene vitundu hivyo havidhuru. Katika bomba la tochi, ambalo chini ya hesi ukuta wake hubaki chini ya milimita moja, kitundu kimoja kinatosha kupitisha maji au kuvunja hesi. Tatizo la pili ni mchanganyiko. Pistoni huwa na silikoni nyingi, mara nyingi karibu asilimia 12, ambayo hula ncha ya kisu na kuufanya uso uwe wa kijivu chenye madoa unapopigwa anodaizi (tazama swali la 15), huku vyuma vingine vya mtaani vikiwa na zinki na shaba kwa viwango visivyojulikana.

Tulilijaribu jambo hili wenyewe. Katika maganda manne tuliyoyakereza kutoka kwenye magogo ya kusubu, mawili yalionyesha vitundu tulipokuwa tukipanua tundu, na la tatu likavujisha maji kwenye ndoo. La nne lilisalimika na linatumika hadi leo, lakini hakuna fundi anayeweza kukuahidi kwamba lako litakuwa hilo la nne. Tunatumia magogo ya viwandani yaliyosukumwa katika umbo la mviringo, yenye daraja linalojulikana.

7. Kilembe kulichimbwa shaba. Kwa nini basi shaba yenu inaagizwa kutoka nje?

Mgodi wa Kilembe, karibu na Kasese, ulitoa madini ya shaba yaliyoyeyushwa Jinja, lakini kuyeyusha ni hatua moja tu. Kupata gogo la mviringo lenye kipimo na daraja maalumu kunahitaji kusafishwa zaidi na kusukumwa viwandani. Zaidi ya hayo, shaba safi kabisa ni laini na yenye kunata: huchanika chini ya kisu badala ya kukatika. Tunapoweza, tunaagiza ile iliyotiwa teluri kiasi cha nusu asilimia hivi, ambayo hukatika vizuri na bado hupitisha joto kwa kiwango cha karibu 355.

## Kukereza

8. Bomba la betri hukerezwa kwa hatua zipi?

Gogo la alumini hukatwa kwa msumeno likiwa refu kidogo kuliko kipimo, kisha hufungwa kwenye taya za mashine ya kukereza. Uso wa mwisho husawazishwa, upande wa nje hukerezwa hadi karibu na kipimo, na chale za mshiko hupigwa mapema, kabla ya tundu kutobolewa (sababu iko katika swali la 11). Baada ya hapo hutobolewa kwa keekee ya milimita 18, ambayo lazima itolewe mara kwa mara ili mabaki yatoke. Mabaki yaliyojazana ndani huikwaruza kuta na kuipinda njia ya keekee.

Keekee haitoi tundu sahihi. Hutoa tundu la karibu. Usahihi huletwa na fimbo ya kupanulia, yenye kisu kidogo kwenye ncha, inayopita ndani na kukwangua kwa wembamba hadi milimita 19. Hapa ndipo ufundi unapojulikana. Fimbo ya chuma ya milimita 16 huanza kutetema inapochomoza zaidi ya mara nne hivi ya kipenyo chake, yaani kama milimita 64, ilhali bomba letu lina milimita 80. Tuna njia mbili: kutumia fimbo ya kabaidi ambayo ni ngumu zaidi, au kupanua kutoka pande zote mbili na kuhakikisha matundu yanakutana bila ngazi.

Kisha hukatwa mifuo ya ringi za mpira na hesi za upande mmoja, na kipande hugeuzwa. Kugeuza kuna hatari yake. Taya tatu zikilibana bomba jembamba kwa nguvu, bomba hukunjika kidogo kuelekea umbo la pembetatu. Fundi hulikereza likiwa limebanwa hivyo, na linapoachiwa tundu lililoonekana la mviringo linakuwa na mabega matatu. Tunatumia taya laini zilizokerezwa kwa kipimo cha bomba lenyewe, na tunachomeka kizibo ndani kabla ya kubana.

Mwishoni makali ya kila kona huondolewa. Ukisahau kuondoa makali ya mdomo wa tundu, yatachana karatasi ya betri siku ya kwanza, na betri iliyochanwa karatasi ndani ya bomba la metali ni njia ya mkato ya umeme.

9. Je, ni lazima itumike mashine ya CNC, yaani ile inayoongozwa na kompyuta?

Si lazima. Mashine ya mkono iliyotunzwa, yenye fundi mvumilivu, hutoa ganda zuri sana, ila ganda hilo moja linaweza kuchukua siku nzima. Mashine ya CNC inayolishwa magogo hufanya kazi hiyohiyo kwa dakika chache, na la hamsini hufanana na la kwanza. Faida ya CNC ni kurudia, na mteja wa ganda moja anaweza asiihitaji.

Jambo moja la hapa kwetu: umeme ukikatika katikati ya kukata hesi kwenye CNC, mara nyingi kipande hicho kimekwenda, kwa sababu kuirudisha mashine kwenye mzunguko uleule ni vigumu. Kazi ya hesi tunaifanya saa ambazo umeme huwa tulivu.

10. Kwa nini mnasisitiza sana hesi?

Kwa sababu ndiyo sehemu unayoigusa kila unapobadilisha betri, na ndiyo inayokufa kwanza. Hesi ya kawaida ya milimita yenye pembe ya nyuzi 60 ina ncha kali zinazochakaa na kupandana vibaya upesi. Kwa kitako kinachofunguliwa mara nyingi, tunapendelea hesi za umbo la trapeza, zenye pembe ya nyuzi 30 na vilele bapa, ambazo huingiliana bila kupotea hata gizani.

Hesi hupunguza ukuta. Bomba lenye hesi ya nje ya milimita 22 kwa hatua (umbali kati ya mzunguko na mzunguko) ya milimita 1 na tundu la milimita 19 hubakiwa na takriban milimita 0.9 za metali chini ya hesi. Mteja anayetaka tochi "nyembamba kabisa" anaomba sehemu hiyo ipunguzwe, nasi humwonyesha kipande kilichovunjika hapohapo.

11. Ile mistari ya msalaba inayozuia mkono kuteleza hutengenezwaje?

Tunaiita chale za mshiko. Njia ya kwanza ni kulisukuma gurudumu gumu lenye meno dhidi ya kipande kinachozunguka. Metali haikatwi bali husukumwa ikainuka, na kipenyo cha nje huongezeka kidogo. Nguvu inayohitajika ni kubwa, na bomba ambalo tayari limetobolewa linaweza kubonyea. Ndiyo maana chale hutangulia tundu. Njia ya pili hutumia magurudumu yanayokata. Nguvu yake ni ndogo na alama zake ni safi zaidi.

Chale kali sana hupendeza kwenye picha na kuchosha kiganja. Mvuvi mmoja alituomba tuzisage baada ya wiki mbili.

12. Usahihi wa kipimo unafika wapi?

Kwa sehemu za nje zisizokutana na kitu, tunafuata upeo wa kosa wa kawaida wa kiwango cha kimataifa cha ISO 2768, daraja la kati, ambao kwa vipimo vya kati ya milimita 6 na 30 ni milimita 0.2 juu au chini. Kwa tundu la betri tunalenga 0.05, na kwa mifuo ya ringi 0.03.

Tunapima kipande kikiwa kimepoa. Alumini ya kipenyo cha milimita 22 iliyopanda joto kwa nyuzi 40 hutanuka kwa takriban milimita 0.02, kiasi kinachotosha kumdanganya fundi mwenye haraka na maikromita nzuri.

## Joto, maji na umeme

13. Kwa nini tochi yangu niliyotengenezewa kwingine inapunguza mwanga baada ya dakika chache?

Huenda joto halina njia. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto, ambalo hutoka nyuma yake, wala si mbele pamoja na mwanga. LED hukaa juu ya kibao cha shaba au alumini, nacho hukaa juu ya sakafu ya metali kichwani. Kama sakafu hiyo ni kisahani chembamba kilichochomekwa kwa kulegea, joto hukwama hapo na saketi hupunguza umeme ili LED isiungue.

Katika maganda yetu sakafu ni sehemu ya kichwa chenyewe, imekerezwa kutoka gogo moja na ina unene wa angalau milimita 3. Uso wake hukerezwa bapa na kubaki bila anodaizi, kisha kibao hufungwa kwa skrubu juu ya tabaka jembamba la krimu ya joto. Wengi hupaka krimu kama siagi kwenye mkate. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu. Ikizidi, inakuwa kizuizi.

Mapezi ya kupoza ya nje husaidia kama hewa inapita. Mapezi membamba yaliyobanana hujaa matope na kuwa pambo.

14. Maji huzuiwaje, na je, ganda lenu linaweza kuzama?

Maji hayazuiwi na hesi. Huzuiwa na ringi za mpira zinazokaa kwenye mifuo. Ringi yenye unene wa milimita 1.5 inapaswa kubanwa hadi karibu milimita 1.25. Ikibanwa kidogo mno huvuja, na ikibanwa mno hukatika wakati wa kufunga. Mfuo uwe mpana kuliko ringi, kwa sababu mpira haupungui ujazo unapobanwa, bali hutafuta pa kwenda. Kona ya kuingilia ilazwe ili ringi iteleze badala ya kunyolewa.

Tunajaribu kila ganda katika kina cha mita 1 kwa dakika 30, kama kiwango cha IPX7 kinavyotaka. Hiyo inatosha kwa mvua na kwa kuanguka kandokando ya mtumbwi. Haitoshi kwa tochi iliyolala chini ya Ziwa Viktoria hadi asubuhi. Paka ringi mafuta ya silikoni mara kwa mara, isipokuwa ringi zenyewe ziwe za silikoni, ambazo mafuta hayo huzivimbisha.

15. Anodaizi ni nini, na kwa nini mnauliza juu yake kabla ya kukereza?

Ni njia ya kuukuza uso wa alumini uwe oksidi ngumu kwa kupitisha umeme ndani ya bwawa la asidi ya salfuriki. Ya kawaida, inayopokea rangi, kwa kawaida haizidi mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ile ngumu hufanywa katika bwawa lililopozwa hadi karibu nyuzi 0, na mara nyingi hufikia mikroni 50.

Tunauliza mapema kwa sababu tabaka hili hubadilisha vipimo. Takriban nusu yake huingia ndani ya metali na nusu huinuka juu. Tabaka la mikroni 50 huinua kila uso kwa mikroni 25, na kwenye hesi ya nyuzi 60 kipenyo cha katikati hubadilika mara nne ya hiyo, yaani milimita 0.1. Ikiwa hesi ya ndani na ya nje zote zimepigwa, zinakaribiana kwa milimita 0.2. Tuliwahi kupeleka bomba 12 bila kuacha nafasi hiyo, na hakuna hata moja lililokubali kitako chake. Hasara ilikuwa yetu, na tangu hapo swali la anodaizi liko juu kabisa ya fomu ya oda.

16. Nilipiga anodaizi ganda langu, likapendeza, lakini tochi haiwaki tena. Kwa nini?

Oksidi ya alumini ni kihami. Mkondo wa upande hasi hupita kwenye bomba lenyewe, na nyuso za mwisho zinazogusana na kitako na saketi zikifunikwa, njia imefungwa. Zikereze nyuso hizo mbili kwa wembamba hadi metali ing'ae, au kwangua kwa msasa mlaini. Hesi zinaweza kubaki na tabaka lao. Kwa kweli ni faida, kwa sababu ukilegeza kitako robo mzunguko mkondo hukatika na tochi haitajiwasha mfukoni.

## Kuagiza na kujifunza

17. Nilete nini ninapoagiza, na kwa nini ganda moja ni ghali kuliko la kumi?

Leta betri, LED na kibao chake, kioo, swichi, na mchoro wenye vipimo vya milimita hata ukiwa wa penseli. Picha ya simu haina vipimo.

Bei ya ganda moja hubeba maandalizi yote: kukereza taya laini, kupanga visu, kukata kipande cha majaribio. Kuna pia mabaki. Gogo la kipenyo cha milimita 25 likikerezwa kuwa lile bomba la swali la 4, theluthi mbili ya metali uliyonunua inaishia sakafuni. Mabaki tunayatenga kwa aina na kuyauza kwa uzito, lakini bei yake haikaribii ile ya gogo.

18. Nataka kujifunza kazi hii mwenyewe. Niende wapi?

Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda, UIRI, ina kituo cha mafunzo ya mashine na uzalishaji huko Namanve, ambako mashine za CNC hufundishwa. Ukitaka mikono ijue kwanza, kaa miezi kadhaa na fundi mkereza wa Katwe anayetengeneza vipuri vya vinu na magari. Anayeweza kukereza shafti ya kinu ikazunguka bila kuyumba ameshapata nusu ya tochi.

## Mambo ya nadra

19. Nina Maglite kuukuu ya betri kubwa za D. Mnaweza kuipanua iingie 18650 tatu kwa ubavu?

Hapana, na hesabu ni fupi. Betri tatu za kipenyo cha milimita 18.5 zikikaa pamoja zinahitaji tundu la karibu milimita 40, na upana wa nje wa bomba hilo wenyewe unakaribia milimita 40. Hakutabaki ukuta. Tunachoweza ni kinyume chake: kukereza bomba la kati linaloishika 18650 moja katikati ya nafasi ya D. Kumbuka kwamba betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, hivyo balbu ya zamani itabidi ibadilishwe pia.

20. Naweza kuomba ganda lililozibwa kabisa, lisilo na sehemu dhaifu?

Tunakataa. Betri ya lithiamu iliyoharibika hutoa gesi kwa kasi, na bomba la metali lisilo na pa kupumulia linakuwa mzinga. Kifuniko cha mpira cha swichi kinapaswa kuweza kung'oka kabla hesi hazijavunjika. Kwa maganda ya betri mbili mfululizo, tumia betri za aina moja, umri mmoja na chaji moja.

21. Hesi za ganda langu la titani zimeng'ang'ania. Nifanye nini?

Titani kwa titani, na chuma cha pua kwa chuma cha pua, huparuana na kushikana. Usilazimishe kwa koleo. Toa betri kama inafikika, tia mafuta ya kupenya, yaache usiku kucha, kisha lijaribu kwa mikono yenye glavu za mpira. Likikataa, tuletee. Ukiagiza jipya, tutapendekeza kitako cha shaba ya manjano, ambacho huteleza vizuri dhidi ya titani.

22. Je, kitako cha shaba kwenye bomba la alumini hakitaleta kutu?

Kinaweza, panapokuwa na chumvi. Maji ya Ziwa Viktoria ni baridi, yaani hayana chumvi, kwa hiyo wavuvi wetu wana unafuu ambao wenzao wa Mombasa hawana. Adui wa huku ni jasho. Anodaizi na mafuta kwenye hesi hutosha.

23. Nina mashine ndogo nyumbani. Kuna hatari gani katika kukereza titani?

Kaza macho kwenye mabaki. Nyuzi nyembamba za titani huwaka, na zikishika moto usimwage maji, kwa sababu metali iliyowaka hunyang'anya maji oksijeni na kuacha haidrojeni. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, punguza kasi hadi kama mita 40 kwa dakika kwa kisu cha kabaidi, na usiache mabaki yarundikane. Kwa shaba ya manjano hatari ni nyingine: aina inayokerezwa kwa urahisi ina risasi karibu asilimia 3, hivyo nawa mikono kabla ya kula.

24. Mtanichongea nembo ya kampuni maarufu kwenye ganda langu?

Hapana, hata kama ni zawadi. Jina lako mwenyewe tutalichonga, kwa kina cha milimita 0.2, kabla ganda halijaenda kwenye anodaizi.